Daktari wa Ng'ambo ya Gura

Mara ya kwanza simu iliponiletea yule daktari, ilinidanganya kwamba angefika kabla maji ya chai hayajachemka. Iliandika kwamba yuko karibu nami, ikachora mstari mfupi mwekundu kutoka kwake hadi kwangu, na mimi, mshamba wa watu, nikaamini, nikaenda kusugua beseni. Nilipotoka nje nilimwona kweli. Alikuwa juu ya pikipiki kando ya barabara ya ng'ambo, na kati yetu kulikuwa na bonde lote la mto Gura.

Asiyezijua sehemu zetu za Nyeri itabidi nimweleze. Huku tunaishi juu ya migongo ya milima. Mgongo mmoja umelala sambamba na mwingine, na kati yake kuna bonde refu lenye mto chini kabisa. Nyumba za mgongo wa pili naziona zote kutoka mlangoni kwangu. Najua nani ameanika nguo, nani ameezeka bati jipya, mbwa wa nani hafungwi. Lakini kwenda huko kwa pikipiki ni kupanda mpaka lami, kuzunguka hadi kwenye daraja kubwa, kisha kuteremka mgongo mzima kwa barabara ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha haina urafiki na mtu. Vijana walioitengeneza ile huduma nadhani waliijaribia mahali tambarare, labda Wang'uru kwenye mashamba ya mpunga, ambako ukimwona mtu unaweza kumfikia.

Simu ikalia mkononi.

"Dada, ni wewe umeita mtu wa kupandikiza ng'ombe mbegu?"

"Ni mimi, daktari. Na nakuona."

"Unaniona?"

"Uko hapo kwa mikaratusi, umevaa koti ya kijani."

Aligeuka huku na huku mpaka nikapunga mkono. Naye akapunga. "Sasa navuka wapi?"

"Hauvuki. Unazunguka. Rudi mpaka kwa lami, ufuate daraja."

"Hii simu iko na wazimu. Ati imeniambia dakika nne!"

"Hata mimi imeniambia hivyo hivyo. Kuja tu. Ng'ombe iko na joto, inataka dume, na haitangoja."

Nilijua anachofikiria, kwa maana wawili waliomtangulia siku hiyo walikuwa wamefikiria hivyo hivyo, wakabonyeza pa kukataa, nikabaki naitukana simu. Mimi nina hasira za karibu, na simu ni kitu kizuri cha kutukana kwa kuwa haijibu. Lakini yule mtu aliwasha pikipiki, akaigeuza, akapotea nyuma ya mikaratusi kuelekea lami. Niliporudi jikoni moyo ulikuwa unanidunda, nikajiambia ni kwa ajili ya ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mama. Nilikuwa Thika miaka mingi, nikishona nguo kiwandani, mama alipoanza kuugua. Nilirudi kumuuguza, nikamuuguza mpaka akafariki, na watu walipomaliza kula na kukunja mahema, kila mmoja akashika njia yake. Kaka yangu mkubwa alirudi kwake Nanyuki. Mimi nikabaki, kwanza kwa ajili ya ng'ombe, kisha kwa sababu nilikuwa nimekwishabaki. Mama alikuwa amempa ng'ombe yule jina la nyanya yetu, jina ambalo lingestahili kupewa mtoto wangu kama ningekuwa naye, na hilo lilinichoma zaidi ya nilivyoonyesha.

Kutokuwa na mtoto ni tatizo dogo mjini. Kijijini ni tatizo la kila salamu, kwa maana hawajui wakuite mama nani. Kanisani akina mama waliniita kwa kusitasita, na kwenye chama chao nilikalishwa karibu na mlango pamoja na wageni. Nyumba mbili zilizopakana na yetu zina kufuli, wenyewe wako Nairobi, wanakuja Krismasi na sufuria zao. Ikipita siku nzima sauti yako mwenyewe hujaisikia, jioni ukisema neno linatoka na kutu. Nilizoea kumsemesha ng'ombe. Naye alizoea kunisikiliza huku akitafuna majani makavu ya mpunga, yale tunayoletewa na malori kutoka Mwea, akinitazama kwa yale macho yao yasiyo na haraka.

Sasa ng'ombe yule alikuwa hashiki mimba. Maziwa yalikuwa yamepungua yakawa ya chai tu, na kaka alikuwa ameanza kusema, kila Jumapili akipiga simu, kwamba ng'ombe asiyezaa ni mdomo tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu. Mwishowe alitoa uamuzi: tumjaribu mara tatu, na akishindwa ataongea na mtu wa buchari. Alisema pia kwamba nikishaondolewa mzigo wa ng'ombe nitaweza kurudi zangu Thika, kama vile Thika kulikuwa na mtu aliyeniwekea kiti.

Kwa hiyo shida yangu ilikuwa moja, na ilikuwa wazi. Ng'ombe akishika mimba, anabaki. Asiposhika, anakwenda, na boma linabaki na mimi na kuku.

Ile huduma ya simu waliileta wasichana waliokuja kituo cha maziwa wakiwa na fulana za manjano. Walituwekea kwenye simu mmoja mmoja, wakatufundisha. Unabonyeza, unasema unataka nini: chanjo, kukata kwato, kupandikiza, kupima mimba. Simu inatafuta mtaalamu aliye karibu na ambaye hana kazi wakati huo, inawaunganisha. Mnaongea kupitia kwayo lakini namba yake huioni, wala yeye haoni yako, na kazi ikiisha mlango unafungwa. Walisema ni kwa usalama wetu. Wazee walipiga makofi.

Basi daktari alifika siku ile ya kwanza akiwa na matope hadi magotini na hakulalamika. Ninasema daktari kwa kuwa ndivyo tunavyowaita wote, ingawa yeye mwenyewe alinirekebisha, akasema kazi yake ni mbegu na mimba tu. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuwa wa kwetu. Alikuwa ametoka magharibi, mbele ya Kakamega, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na ilikuwa muda mrefu sijaongea lugha ambayo haikuwa na majirani ndani yake.

Kazi yao ina mpango wake. Anashusha mtungi mzito kutoka pikipiki, anaufungua, mvuke mweupe wa baridi unafurika ukingoni. Humo ndani mbegu zimelala kwenye mirija myembamba kuliko utambi wa mshumaa. Anavaa glavu ya plastiki inayofika begani. Mwenye ng'ombe kazi yake ni kushika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Daktari anautoa mrija kwa kibanio, anautumbukiza kwenye kikombe chako, na hapo ndipo mbegu inaamka. Ikishaguswa na yale maji hairudi tena mtungini. Ni lazima itumike, iingizwe kizazini kwa fimbo ya chuma, au itupwe.

"Ushike vizuri," aliniambia. "Usitetemeke."

"Sitetemeki. Ni baridi."

"Hii ng'ombe inaishi peke yake?"

"Peke yake."

"Ndiyo maana unasumbuka. Ng'ombe ikikaa peke yake, joto yake inajificha. Haina mwenzake wa kuonyesha. Zikiwa mbili zinapandana, unaona. Hii yako itakuonyesha kidogo tu, asubuhi moja, halafu inanyamaza. Lazima uwe unaitazama sana."

"Nitatazama nini kingine?" nilisema, na yeye akacheka kwa pua.

Alipomaliza nilimwaga maji baridi mgongoni mwa ng'ombe, kama mama alivyokuwa akifanya, ili mbegu isitoke. Akaniuliza hayo ni mambo gani. Nikamwambia ni dawa. Akasema chuoni hawakufundishwa hiyo, lakini hakuizuia, na tangu siku hiyo kila akimaliza alikuwa anasimama kando na kusema, "Haya dada, mwagia dawa yako." Nilimpa maji ya moto na sabuni, akanawa mikono taratibu hadi kwenye viwiko, kisha akaketi kwenye benchi nje ya jikoni, akanywa chai.

Kwetu mtu hatoki bila chai. Lakini kuna kunywa kwa kuondoa lawama, mguu mmoja uko njiani, na kuna kunywa. Yeye alikunywa. Alisema amepanga chumba kule ng'ambo, nyuma ya duka la dawa za mifugo, na kwamba majira ya baridi anavaa soksi mbili na bado anaisikia sakafu. Alisema watu wake wako nyumbani. Hakusema ni watu gani, nami sikuuliza. Alinieleza jinsi mvua ya kwao inavyonyesha, kwamba inakuja mchana na radi, inapiga, inaondoka, si kama hii yetu ya Nyeri inayokaa siku nzima ikinong'ona. Nilimwambia kuhusu Thika. Nilishangaa kuona nina mengi ya kusema kuhusu Thika.

Alipoondoka mwanga wa jioni ulikuwa bado umekaa juu ya miti. Nilisimama pale nje mpaka nikamwona akitokea upande wa pili, kitu kidogo chenye taa.

Baada ya majuma matatu ng'ombe aliamka akilia. Hiyo ndiyo kanuni yao, mbegu isiposhika joto linarudi baada ya wiki tatu. Nilitoka nikamkuta anazunguka kigingi, na nilipaswa kufa moyo. Nilikuwa nimepoteza nafasi moja kati ya tatu. Badala yake nilijikuta nimeingia ndani nabadilisha kitambaa cha kichwa.

Simu ikafanya upumbavu wake ule ule. Ikampata yeye, ikachora mstari wake mfupi juu ya bonde, ikatangaza zile dakika zake. Safari hii hakupiga kuuliza njia. Nilisikia pikipiki ikiwashwa ng'ambo, ikipanda, ikififia kuelekea lami, kisha baada ya muda mrefu ikisikika tena nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa amenunua ndizi njiani akaniletea, akasema, "Hizi si kama zetu, lakini tutafanyaje." Tulikula kwenye benchi. Alikuwa amefika mpaka Kangema wiki hiyo kumsaidia mwenzake, na alisema kule majani ya chai yamekatwa sawasawa hata anaona vibaya kupita na matope. Mimi nilicheka mpaka nikaona haya, kwa sababu si maneno ya kuchekesha kiasi hicho.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya wiki tatu nyingine. Sasa mambo yalikuwa mabaya kweli, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa hesabu ya kaka. Daktari nilimweleza. Akatikisa kichwa, akachagua mrija kwa kukawia, akasema hii ni ya dume mpole na haijawahi kumwangusha. Nilishika kikombe. Safari hiyo kwa mikono yote miwili.

"Ikishika hii," aliniambia kwenye chai, "hutaniona tena mpaka mwaka ujao."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayekutakia heri. Na kweli alikuwa ananitakia heri. Nilikwenda jikoni kuongeza sukari ambayo haikuhitajika, nikasimama pale nimeushika mkebe, na ndipo nilipojua kwa maneno kamili jambo ambalo nilikuwa nalizungukazunguka. Nilitaka ng'ombe abaki, na nilitaka huyu mtu arudi, na siwezi kupata vyote viwili.

Wiki tatu zile sikuwa na raha. Kila asubuhi nilikwenda zizini kabla ya kusali. Ng'ombe alitafuna. Ng'ombe alilala. Ng'ombe alinitazama. Wiki ya tatu ilipofika nilimchunguza mpaka akachoka nami, akawa ananipa mgongo. Siku ya kulia ilifika, hakulia. Ikapita. Kesho yake hakulia. Kaka alipopiga Jumapili nilimwambia labda ameshika, akasema Mungu ni mwema, akanipa mkewe, ambaye pia alisema Mungu ni mwema, halafu simu ikakatwa.

Ningeweza kufurahi. Nilijaribu. Nilipika wali, chakula cha wageni, nikaula peke yangu. Wiki hiyo mvua ya kunong'ona ilikuwa imekaa na ukungu umeziba bonde, hata nyumba za ng'ambo nilikuwa sizioni. Siku mbili sikusema neno na mtu. Siku ya tatu nilichelewa kumpelekea ng'ombe majani, akalia mara moja.

Ulikuwa mlio wa njaa. Mtu yeyote aliyewahi kufuga anaujua, ni mfupi na una lawama. Mlio wa joto ni mrefu, unapasua asubuhi. Nilijua tofauti yake kama ninavyojua jina langu. Nikaingia ndani, nikachukua simu, nikabonyeza kupandikiza.

Ilimpata. Akapiga, sauti yake ikiwa na mshangao. "Dada, imerudi?"

"Imelia," nilisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Pole. Pole sana. Nakuja."

Alichukua muda kuliko siku zote, kwa sababu ya mvua. Nilichemsha chai, nikakaanga mandazi, nikafagia jikoni. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeamua kutofikiri. Alipotokea, koti lilikuwa limemshika mwili na shavu moja lilikuwa na tope, akaniambia alianguka pale kwenye kona lakini mtungi haukuumia. Alikuwa na huzuni kwa ajili yangu. Hilo ndilo sikulipangia. Alimshika ng'ombe kiunoni, akasema, "Wewe mama, unatusumbua kwa nini?" kwa upole, kisha akamtazama nyuma.

"Uliona ute wa joto?"

"Sikuona vizuri."

"Inaonekana imenyamaza. Lakini nilikuambia, hii ya peke yake inajificha. Wewe ndiye unakaa nayo. Wewe ukisema iko, mimi naamini."

Akavaa glavu. Akafungua mtungi, mvuke ukamwagika kwenye matope. Nami nilikuwa nimesimama mahali pangu pa siku zote, kikombe mkononi, na ndipo akili ikanirudi yote kwa mpigo. Kama ng'ombe ameshika mimba, ile fimbo ya chuma anayoiingiza itapita mlango wa kizazi ambao umejifunga. Itaufungua. Kile kilichomo, hata kikiwa kidogo kuliko punje ya mtama, kitatoka. Alikuwa amenieleza yeye mwenyewe siku ya kwanza. Alishika kibanio, akainama juu ya mtungi, akauinua mrija.

Nikayamwaga maji chini.

Alibaki ameinama, mrija ukiwa bado ndani ya mvuke. "Maji imekuwa moto sana?"

"Hapana, daktari. Hana joto."

"Umesema amelia."

"Alilia njaa."

Aliurudisha mrija chini polepole. Akafunika mtungi. Alinitazama, na sikuona hasira usoni mwake, afadhali ningeiona, mimi hasira naijua.

"Sasa uliniitia nini, dada?"

Ningeweza kusema nilikosea. Angeamini, ni kosa linalotokea. Lakini nilikuwa nimechoka, na sauti yangu ilikuwa imekaa ndani siku mbili.

"Nilitaka uje," nilisema. "Nilitaka mtu akae hapo kwa benchi."

Mvua ilikuwa inaanguka kwenye bati. Alivua ile glavu, safi kama ilivyotoka kwenye karatasi yake, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa kitu kidogo, akaitia mfukoni.

"Kuna mzee mmoja huko ng'ambo," alisema mwishowe. "Yake iko na joto ya ukweli. Imelia tangu alfajiri. Nimemwambia angoje nimalize na wewe kwanza."

"Sikujua."

"Ungejuaje." Akamgusa ng'ombe tena kiunoni. "Na kama hii imeshika, ningeiharibu. Kwa mikono yangu."

"Ndiyo maana nimemwaga maji."

Alitikisa kichwa kukubali. Akaanza kufunga mtungi kwenye pikipiki, akikaza kamba moja moja. Nilimwambia chai iko tayari, na mandazi. Alisema, "Siku ingine, dada," na sauti yake haikuwa mbaya. Kwetu siku ingine ni jibu la heshima, kila mtu analijua. Akasukuma pikipiki kwenye matope mpaka penye nyasi ndipo akaiwasha.

Niliingia ndani, nikakaa. Baada ya muda simu ilitoa ule mlio wake wa kumaliza kazi. Nilidhani atakuwa ameandika kwamba nilimwita bure, na alikuwa na haki. Nilisoma. Ilikuwa imeandikwa kwamba mtaalamu alifika mahali palipotajwa, na kwamba mteja hakupatikana.

Nililia. Sitaki kulizungusha, nililia kama siku tuliyomzika mama, na mandazi yakapoa.

Miezi miwili ilipita na zaidi, na ng'ombe hakulia tena. Tumbo halikuonyesha kitu bado, lakini manyoya yalianza kung'aa na akawa mpole wa ajabu. Kaka akasema apimwe ili tuwe na hakika. Nilikaa na simu mapajani kitambo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, mafupi, ya heshima, ya kuomba radhi kwa ajili ya yule mzee wa ng'ombe wa ng'ambo. Siku hiyo bonde lilikuwa wazi na kwenye ramani niliiona alama yake ya kijani kibichi, ile ya mtaalamu asiye na kazi, imetulia pale karibu na mikaratusi. Nikabonyeza kupima mimba.

Simu ilitafuta. Ilimruka. Ikanipatia mtu mwingine, aliyeko mbali, upande wa Gatitu, mwendo ambao hata mstari wenyewe ulitosha kujaza kioo. Nikafuta, nikabonyeza tena. Ikamruka tena.

Aliyekuja alikuwa msichana mwenye buti za mpira na mikono yenye nguvu, mcheshi, wa kwetu kabisa. Tulizungumza Kikuyu. Aliingiza mkono, akatazama juu angani kama wanavyofanya wote wanapotafuta, kisha akatabasamu.

Akaniambia ameshika, tena vizuri. Akanipongeza, akaniita mama bila kuuliza mama wa nani. Niliuweka uso wangu kwenye shingo ya ng'ombe. Furaha ile ilikuwa ya kweli, sitaki mtu aniambie vinginevyo. Ng'ombe wa mama anabaki. Kaka nilimpigia hapo hapo na yeye akapiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

Msichana akiosha mikono nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwa nini simu imemwacha daktari aliye hapo mbele ikamtoa yeye mbali kote huko. Akaniomba simu, akabonyezabonyeza, akasema ni jambo dogo. Mtaalamu akiandika kwamba mteja hakupatikana, mashine inachukulia kwamba hawa wawili hawawezani, inawatenga. Haiwakutanishi tena. Hakuna wa kumpigia kuirekebisha. Lakini nilikuwa na bahati, akasema, kwa sababu kama angeandika nimemwita bure, ningefungiwa mimi kabisa, na ng'ombe akishindwa kuzaa usiku na mvua sijui ningemwita nani.

"Nanyi mnaijua hiyo?" nilimuuliza. "Kwamba inawatenga?"

Aliinua mabega. Akasema walisomewa yote siku ya mafunzo, wengine walisikiliza, wengine walikuwa kwenye simu zao. Chai alikataa, alikuwa na ng'ombe wengine wanamngoja.

Sijui kama alijua. Nimeligeuza jambo hilo kila upande na sina wa kuniambia. Kuna asubuhi naamka nina hakika kabisa kwamba hakujua, kwamba alitafuta neno la kunikinga akalipata lile, na kwamba kule ng'ambo naye anashangaa mbona simu haimleti tena huku. Kuna asubuhi nyingine nina hakika kwamba alijua vizuri sana, na alichagua kwa utulivu, kama anavyochagua mirija yake. Ningeweza kuzunguka kwa miguu mpaka kwenye lile duka la dawa za mifugo nikamuuliza. Ni mwendo wa asubuhi moja. Nimepanda mara kadhaa hadi penye lami, nikasimama hapo na kikapu, nikarudi.

Pikipiki yake naitambua nikiwa popote shambani. Ng'ombe huigeuzia masikio kwanza, kisha mimi ndio nasikia. Inawashwa pale kwenye mikaratusi, inapanda, inafika penye lami, kwenye njia panda ya daraja, na mimi nashikilia panga bila kukata mpaka nijue imechukua upande gani.